Lupango na kielekezo

Katika kitivo cha lugha tumezoea kuigawa dunia sehemu mbili. Upande huu kuna maneno, na hayo ni yetu. Upande ule kuna mashine, na hizo tumewaachia watu wa informatiki, ambao tunawapigia simu ukurasa unapokataa kufunguka na kuwasahau mara tu unapofunguka. Nadhani mgawanyo huo unatudhuru. Nitaonyesha hivyo kwa jambo ambalo wengi wenu mtaliona kavu kuliko samaki wa Kasenga sokoni: namna seva ya tovuti inavyoamua ni dosye gani skripti inaruhusiwa kuifungua, na inavyofanya pale mtu anapoweka humo njia ya kuelekea dosye nyingine iliyo nje.

Nianze na kisa chenyewe. Kuna kituo kimoja cha utafiti, sitakitaja, ambacho kwa miaka mingi kimekusanya masimulizi ya wazee wa miji yetu ya shaba: wafanyakazi wa zamani wa migodi, wajane wao, mama wa sokoni, makatekista. Ni Kiswahili cha Lubumbashi kitupu, pamoja na Kifaransa chake na Kibemba chake, na mtu yeyote anayesoma isimu hapa anajua thamani yake. Rekodi hizo zimewekwa katika seva ya kupanga iliyoko Ulaya, maana umeme wetu mnaujua. Nyingi ni za wazi. Nyingine hapana. Papa mmoja wa Katuba alisimulia mgomo wa zamani na akawataja kwa majina waliowauza wenzao kwa wakubwa. Watoto wa watu hao wangali majirani wa watoto wake. Alikubali kurekodiwa kwa sharti moja: sauti yake isikilizwe na wanafunzi peke yao, na siku atakapofariki watoto wake ndio waamue mengine. Sharti hilo liliandikwa kwenye karatasi, akatia sahihi, karatasi ikawekwa ndani ya kabati.

Mimi niliitwa kusaidia kuandika maelezo ya kila rekodi: nani anasema, lini, juu ya nini. Fundi wa kituo alikuwa amekwisha kujenga ukurasa wa wanafunzi kwa lugha ya PHP. Unaingiza jina lako na neno la siri, unachagua rekodi, unasikiliza. Ila husikilizi. Kila rekodi iliyochaguliwa ilijibiwa kwa maneno mawili: «Faili halipo.» Na faili lilikuwepo. Tuliliona kwa macho yetu katika orodha ya seva, na jina lake, na uzito wake, na tarehe yake.

Hapo inabidi nieleze mpangilio, na naomba subira. Tovuti ya kituo inakaa katika dosye /home/kituo/www. Kila kilichomo humo, ulimwengu unaweza kukiomba kwa anwani. Rekodi zenyewe ziko pembeni, katika /home/kituo/rekodi, nje ya tovuti, na hilo lilifanywa kwa akili. Lakini skripti ilihitaji kuzifikia, kwa hiyo fundi akaweka ndani ya www kitu kidogo kinachoitwa sauti, ambacho kazi yake ni kusema: «Anayenitafuta mimi, aende /home/kituo/rekodi.» Kitu hicho ndicho Kifaransa kinakiita lien symbolique.

Na kwa upande mwingine, mwenye seva, yule anayepangisha, alikuwa ameweka ua. Seva moja ya kupanga inabeba tovuti za watu wengi wasiojuana, kama lupango yenye vyumba kumi na familia kumi. Ili skripti ya mpangaji mmoja isichungulie ndani ya nyumba ya mwingine, PHP ina agizo linaloitwa open_basedir. Ni mstari mmoja tu wa maandishi. Unataja dosye zinazoruhusiwa, zikitengwa kwa nukta pacha kama seva ni ya Linux, na tangu hapo skripti haiwezi kufungua faili lolote lililo nje ya dosye hizo na matawi yake. Kwa kituo chetu orodha ilikuwa na /home/kituo/www, pamoja na dosye ya muda, /tmp, ambayo bila hiyo mafaili yanayopakiwa hayana mahali pa kutua. Basi. Nitauita ua huu lupango, kwa sababu neno tunalo na kila mtu hapa analijua. Sioni sababu ya kusubiri kamusi ituletee lingine kutoka mbali.

Swali ni hili: kitu kiitwacho sauti kiko ndani ya lupango. Je, rekodi ziko ndani?

Wafasiri wengi huita kitu hicho «kiungo cha ishara», wakifuata Kifaransa au Kiingereza neno kwa neno. Siipendi tafsiri hiyo, na si kwa ajili ya uzuri wa lugha. Kiungo kinaunga. Kiungo cha mwili kinashika mfupa na mfupa; kiungo cha mchuzi kinaingia katika mchuzi na kuwa sehemu yake. Mtu akisikia kwamba ameweka kiungo cha dosye ya rekodi ndani ya www, anaelewa kwamba rekodi sasa zimeungwa na www, yaani zimo. Hazimo. Ukikifungua kitu hicho ndani yake hakuna sauti wala nakala ya sauti. Kuna anwani, herufi chache tu. Ni kibao cha njia panda kinachosema «Likasi huku», na hakuna aliyewahi kufika Likasi kwa kuegemea kibao.

Ndiyo maana mimi nasema kielekezo. Kiliingia katika familia ya Unix pamoja na 4.2BSD, toleo lililotoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1983. Kabla ya hapo Unix ilikuwa na aina nyingine, ambayo Kifaransa kinaiita lien physique, na tofauti yake inapaswa kumfurahisha kila mwanafunzi wa semantiki. Katika aina hiyo ya zamani faili moja lina majina mawili yenye cheo sawa, na hakuna anayeweza kusema lipi ni la kweli na lipi ni la kupachikwa. Futa moja, faili linaishi kwa lingine. Hayo ni visawe. Kielekezo hakina cheo hicho. Ni kama «yule» au «pale». Hamisha kinachoonyeshwa, nacho kinabaki kimenyoosha kidole mahali ambapo hapana mtu. Kinaweza hata kuonyesha kielekezo kingine, ambacho kinaonyesha kingine, na Linux itafuata vidole hivyo mpaka 40 katika njia moja, halafu itachoka na kurudisha kosa. (Namjua msemaji mmoja wa mikutano ambaye angestahili kikomo kama hicho.)

Sasa, lupango ya PHP inahukumu vipi? Haihukumu jina. Skripti inapoomba /home/kituo/www/sauti/papa-katuba.mp3, PHP inaifuata njia hiyo kipande kwa kipande, inafungua kila kielekezo inachokikuta, mpaka ipate mahali ambapo faili linalala kweli: /home/kituo/rekodi/papa-katuba.mp3. Kisha inauliza kama mahali hapo pametajwa katika orodha. Hapakutajwa. Inakataa. Mwongozo wa PHP unasema hivyo waziwazi: vielekezo vyote hufumbuliwa kwanza, kwa hiyo huwezi kuukwepa ua kwa kielekezo. Kwa maneno ya darasani, mlinzi huyu hajali kiashiria, anajali kiashiriwa. Na jina la pili la zamani, lile la visawe? Faili lililopewa jina la namna hiyo ndani ya ua lingepita, kwa sababu jina hilo halielekezi popote pengine. Linakaa humo kihalali. Mlinzi hana la kufumbua. Tofauti ambayo tunadhani ni ya mitihani tu ndiyo inayoamua mlango ufunguke au usifunguke.

Kwa nini basi skripti ilisema «halipo» badala ya «hairuhusiwi»? Kwa sababu kazi ya PHP inayouliza kama faili lipo hurudisha jibu moja, hapana, kwa lisilokuwepo na kwa lililokatazwa. Kukataa kwenyewe kunaandikwa kama onyo, lakini katika seva za kazi maonyo hufichwa wageni wasiyaone, yakaenda kulala katika daftari la makosa ambalo hakuna anayelisoma. Tunazijua ofisi za namna hiyo. Unauliza mkubwa, unaambiwa hayuko, na viatu vyake unaviona chini ya mlango. Fundi alitumia siku mbili akilitafuta faili ambalo halikupotea. Angefungua daftari la makosa angesoma sentensi moja ndefu lakini kamili: kizuizi kinafanya kazi, faili fulani haliko ndani ya njia zinazoruhusiwa, na njia hizo ni hizi na hizi. Ni moja ya sentensi za uungwana zaidi ambazo mashine imewahi kuniandikia. Inakutajia hata orodha.

Ilipofahamika kwamba ni lupango, pendekezo likaja haraka: tuombe mwenye seva autoe ua. Kama haitoshi, tufungue ruhusa zote za dosye, ile dawa ambayo mafundi wetu wanaitaja kwa sauti ya nganga, sept cent septante-sept, yaani kila mtu asome, kila mtu aandike, kila mtu aingie. Nilipinga, na ninaendelea kupinga. Yaliyofuata ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Wakati tunabishana juu ya ua, nilifanya jaribio la kijinga. Badala ya kupitia ukurasa wa wanafunzi, niliandika anwani ya faili lenyewe moja kwa moja katika kivinjari cha simu yangu, bila jina wala neno la siri: jina la tovuti, mkwaju, sauti, mkwaju, jina la rekodi. Papa wa Katuba akaanza kusema.

Ilikuwaje? Kwa sababu katika nyumba hii kuna walinzi wawili na hawaongei. PHP ni mlinzi wa skripti. Lakini anayepokea wageni mlangoni ni Apache, programu ya seva yenyewe, na mgeni anapoomba faili la sauti ambalo si skripti, Apache humpa bila kumwita PHP kabisa. Apache ina agizo lake kuhusu vielekezo, linaloitwa Options. Ukiandika FollowSymLinks, inavifuata vyote. Ukiandika SymLinksIfOwnerMatch, inavifuata pale tu mwenye kielekezo na mwenye kinachoelekezwa ni mmoja, na hapa alikuwa mmoja: akaunti ya kituo. Kwa hiyo kielekezo kilekile ambacho PHP ilikikataa kwa mwanafunzi mwenye neno la siri, Apache ilikifuata kwa ajili ya yeyote duniani. Na kwa kuwa mpangilio uliruhusu pia kuorodhesha yaliyomo katika dosye isiyo na ukurasa wa mwanzo, hukuhitaji hata kujua jina la faili. Ungeandika sauti na mkwaju, ukapewa orodha nzima, imepangwa kwa alfabeti.

Tazameni hali ilivyokuwa. Mwenye haki alifungiwa. Asiye na haki alifunguliwa. Na kila mtu kituoni aliamini kwamba rekodi zimefungwa mno, kiasi kwamba mjadala ulikuwa juu ya kuzilegeza. Kama ua wa PHP ungetolewa siku ile, ukurasa wa wanafunzi ungefanya kazi, watu wangepongezana, na mlango wa nyuma ungebaki wazi kwa miaka. Kukataa kwa PHP, kule tulikokuita kero, ndiko kulikotufanya tuangalie.

Dawa ilikuwa fupi. Kielekezo kiliondolewa. Rekodi zikabaki pale pale nje ya www, ambako Apache haina njia ya kuzifikia. Katika jopo la mpangaji tukaongeza /home/kituo/rekodi/ kwenye orodha ya open_basedir, kwa jina lake halisi. Skripti sasa inakagua mwanafunzi, kisha yenyewe inasoma faili na kumpa sauti. Uorodheshaji ukafungwa. Hakuna mlango mwingine.

Nasisitiza «kwa jina lake halisi», kwa sababu huo ndio msimamo wangu. Ruhusa inayopitia kielekezo ni ruhusa iliyotolewa bila kutamkwa. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba dosye ya rekodi inaruhusiwa. Kuna kidole tu, kimewekwa mahali na mtu fulani siku fulani, na aliyekiweka akihamia Kolwezi hakuna atakayejua kwa nini kipo. Ruhusa iliyoandikwa katika orodha inasomeka. Mwalimu mkuu wa kituo, asiyejua PHP hata kidogo, anaweza kuletewa mstari huo na kuulizwa: je, dosye hizi tatu, na hizi tu? Ni maandishi. Yana tahajia na sarufi yake, na yana makosa yake ya maana. Kwa nini tuogope kuyasoma sisi ambao tumezoea kusoma hati za kale zilizoliwa na mchwa?

Tena sarufi hiyo imewahi kuwa na kasoro ambayo angeigundua mwanafunzi wa mofolojia kabla ya mhandisi. Zamani, kabla ya matoleo ya 5.2.16 na 5.3.4, PHP haikuichukulia njia iliyotajwa kama jina kamili la dosye. Iliichukulia kama mwanzo wa neno. Ukiruhusu /home/kituo/rekodi bila mkwaju wa mwisho, umeruhusu pia /home/kituo/rekodizasiri. Ni sawa na kumwambia mlinzi amruhusu mtu, ukakuta amewapitisha mtumwa, mtukufu na mtungi. Leo hilo limerekebishwa, lakini mimi mkwaju wa mwisho bado nauandika. Haugharimu kitu.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba lupango hii inavuja. Ni kweli imewahi kuvuja. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba katika PHP 5.1.6 na matoleo yaliyotangulia mtu angeweza kucheza na muda: PHP inakagua njia, inaridhika, na katika nukta ile ndogo kabla faili halijafunguliwa, kielekezo kinageuzwa kuonyesha kwingine. Mlinzi ametazama kadi, amegeuka kufungua kufuli, na aliyeingia si yule aliyeonyesha kadi. Apache nayo inaonya juu ya agizo lake la vielekezo kwa sababu hiyohiyo: usilihesabu kuwa kizuizi cha usalama, maana ukaguzi wa vielekezo unaweza kupitwa kwa mbio za namna hiyo. Na mwongozo wa PHP unasema open_basedir ni wavu wa ziada tu, usitegemewe peke yake pale usalama unapohitajika kweli.

Nakubali yote hayo. Lakini tuangalie aliyeuza hoja hiyo anatupeleka wapi. «Ua unavuja» haimaanishi «tuishi bila ua». Katika Ruashi ukuta wa matofali una pengo, mwenye nyumba analiziba, habomoi ukuta. Waundaji wa PHP wenyewe walijua tofauti kati ya ua wenye pengo na ua wa uongo. Walikuwa na kitu kingine kiitwacho safe_mode, kilichojaribu kulinda seva za kupanga kwa kulinganisha mwenye skripti na mwenye faili. Jina lake liliahidi usalama na watu wakalala usingizi juu ya jina. Waliandika wao wenyewe kwamba ni kosa la ujenzi kujaribu kutatua tatizo hilo ndani ya PHP, wakakitangaza kimechakaa katika toleo la 5.3 mwaka 2009, na kukiondoa kabisa katika 5.4 mwaka 2012. Agizo la open_basedir walilibakiza. Halikujiita salama, linajiita orodha ya dosye za msingi.

Hoja ya pili ni ya kasi. Ukiwasha open_basedir, PHP huzima hifadhi yake ya njia zilizokwisha kufumbuliwa, kwa hiyo inarudia kazi ya kufuata vielekezo kila mara. Kwa tovuti kubwa yenye maelfu ya mafaili hilo linaumiza, na mwenye seva yake peke yake afanye vingine: kila tovuti na mtumiaji wake wa mfumo, ruhusa za mfumo zenyewe zikilinda. Sina ugomvi naye. Lakini sisi ni wapangaji, na tovuti ya rekodi inayosikilizwa na wanafunzi thelathini kwa wiki, wakibanwa na bei ya megabaiti, haitatambua hasara hiyo.

Hoja ya tatu haitoki kwa mafundi, inatoka kwetu. Wenzangu kadhaa waliniambia: elimu iwe wazi, rekodi za wananchi ni za wananchi, ua wa nini? Mfano wanaoupenda ni ule wa André Yav, mtumishi wa nyumbani aliyeandika mwaka 1965, kwa Kiswahili cha mji huu, historia ya Elisabethville kama watumishi walivyoiona. Maandishi yale yangekuwa vumbi leo kama Johannes Fabian asingeyachapisha mwaka 1990, na kama yasingewekwa baadaye kwenye intaneti pamoja na hazina nyingine za Kiswahili cha watu. Mfano ni mzuri na ninaukubali hadi mwisho wake: Yav aliandika ili asomwe. Maandishi yake yalikuwa ya kusambazwa tangu siku ya kwanza. Papa wa Katuba alisema ili asikilizwe na watu fulani, na akasema ni nani. Kuwaweka wawili hao katika dosye moja kwa jina la uwazi ni kutosikia walichosema, na kitivo cha lugha kisichosikia alichosema msemaji kinafundisha nini? Tena tangu Kanuni ya Numeriki ya mwaka 2023, ulinzi wa habari za watu si suala la adabu peke yake katika nchi hii.

Ninalotaka si kubwa. Kila mradi wa kitivo wenye rekodi, kumbukumbu za wanafunzi au kazi za mwisho wa masomo zilizowekwa kwenye seva, utoe orodha ya dosye zinazofunguliwa na skripti, na orodha hiyo isomwe na watu wawili: mmoja anayejua seva, mwingine anayejua masharti ya wasemaji. Vielekezo vyote vilivyo ndani ya www vitafutwe; kwa amri moja ya Linux, find, vinaorodheshwa kwa sekunde chache. Kila kimoja kiulizwe kinaonyesha wapi na kwa idhini ya nani. Kisichojibiwa kiondolewe. Na karatasi za idhini zitoke kabatini: sharti la msemaji liandikwe katika maelezo ya rekodi yake, mahali ambapo fundi analiona kabla hajafungua dosye yoyote.

Kituo kile kimekwisha kuanza. Rekodi zimegawanywa dosye mbili, za wazi na za darasani, na orodha ya open_basedir ina mistari inayosomeka. Kuna dosye ya tatu ambayo bado haijatajwa katika orodha yoyote. Ina rekodi kumi na moja ambazo karatasi zake hazijaonekana, na wiki hii mwanafunzi mmoja anazunguka Katuba na Kenya akiuliza nyumba za waliosema.